Ndizi, wali wa Kyela, kitimoto, zege au makande: hamu ikikubana Mbeya, uanze na kipi?

Kila Desemba simu yangu huita basi la mdogo wangu likiwa linaingia Igawa, njiani kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mmefika wapi?"

"Igawa. Leo tunakula nini?"

Hajauliza habari za nyumbani, hajauliza kama mvua imenyesha. Anaishi Dar es Salaam mwaka mzima, na mwaka mzima anasema chakula cha kule kinamshibisha ila hakimkati hamu. Kukata hamu ni kazi nyingine kabisa, na ana siku mbili tu za kuifanya hapa mjini kabla hatujapanda gari la Tukuyu kwenda kwa wazazi.

Shida yake ni ya wengi: hamu tano, tumbo moja, siku mbili. Miaka ya mwanzo nilimpangia vibaya, kwa sababu nilikuwa nafuata ninachokipenda mimi. Mwaka mmoja basi lilichelewa, akafika saa tatu usiku anatetemeka kwa baridi, nami makande ndiyo kwanza yanaanza kuchemka. Tulikula karibu saa sita, watoto wameshalala. Tangu siku hiyo najiuliza maswali kwanza, ndipo nachagua sufuria. Nayaandika maswali hayo na majibu yake kwa ajili ya yeyote anayesimama Mwanjelwa, Kabwe au Uyole akiwa na hamu zaidi ya moja na hajui ya kuanza nayo.

Ugali sikuuweka. Si kwamba haupendwi. Ni kwamba hakuna Mtanzania anayeukosa popote aendapo, na hamu huja kwa kile unachokikosa. Chikanda nimeiacha kwa makusudi. Wapo wanaoililia, hasa upande wa Tunduma, na nakubali kwamba ile keki ya viazi vidogo vya okidi vilivyosagwa na kupikwa na karanga na pilipili ina utamu wake. Lakini viazi hivyo huchimbwa porini, na ukiking'oa mmea umekwisha. Uchimbaji huo ni moja ya sababu Kitulo, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Siwezi kumshauri mtu ale ua la Kitulo.

Ninavyovipima

Kila chakula nakiuliza mambo matano. Kwanza hamu yenyewe: ni ladha gani hasa inayokufanya ukikumbuke, na kwa nini huipati kwingine? Pili, muda: utasubiri kwa kiasi gani, na shibe itakaa mpaka saa ngapi? Tatu ni mfuko; bei sizitaji kwa shilingi maana hupanda na kushuka na msimu, nalinganisha tu. Nne, safari: je, unaweza kukibeba ukakila mbali? Mwisho, kinamfaa nani na kinamshinda nani.

Kuna jambo moja la kujua kabla hatujaanza, kwa sababu linagusa karibu kila sufuria hapa. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa ni karibu nyuzi 94. Yanatokota vilevile na mvuke unapanda vilevile, lakini joto ni pungufu. Ndiyo maana mgeni anapika maharage kwa saa alizozoea Dar, anafunua, anakuta bado magumu, anamlaumu muuzaji. Chakula cha kuchemsha hapa kinataka subira ya ziada. Cha kukaanga hakina shida hiyo, kwa kuwa mafuta hayana habari na mwinuko.

Ndizi za Tukuyu

*Hamu yenyewe.* Nazungumzia ndizi za kupika, zile Wanyakyusa wengi wanaziita mbalaga. Rungwe, wilaya iliko Tukuyu, ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na udongo wake ni wa volkano, mweusi, unaoshika maji. Mgomba hauna unachokililia pale. Ukipanda kutoka Kiwira kwenda Tukuyu unaona nyumba zimezama ndani ya migomba, bati tu ndilo linalochungulia.

Ndizi yenyewe ikiiva sufuriani, tumia kijiko tu kuikata. Haisagiki ikawa uji, wala haiwi ngumu ya kutafuna kama kiazi kilichokosa maji. Ukiipika na nyama ya ng'ombe yenye mfupa, mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila unga, kwa sababu ndizi hutoa wanga wake taratibu. Ukiipika na maharage ya njano unapata kitu kingine, kizito zaidi, cha mchana wa shambani. Lakini inayomtoa mdogo wangu machozi ni ile ya kuchoma: ndizi mbichi iliyomenywa, ikageuzwageuzwa kwenye makaa mpaka ikapata ngozi ya kahawia, ikapasuliwa na kutiwa parachichi lililoiva na chumvi kidogo. Hakuna kingine. Parachichi linayeyuka kwa joto la ndizi. Nimewahi kujaribu hivyo hivyo kwa ndizi za sokoni Dar es Salaam na parachichi la huko. Ndizi ilikuwa imekaa siku nyingi tangu ikatwe, ikawa kavu, ikanikaba.

Kumenya kuna kanuni yake. Utomvu hunata mikononi na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni, kwa hiyo paka mafuta mikono na kisu kwanza, au menya ndani ya maji. Kila unayoimaliza itumbukize kwenye maji ili isibadilike rangi.

*Muda na shibe.* Ndizi na nyama ni saa moja na nusu hivi, na muda mwingi ni wa nyama. Za kuchoma hazifiki nusu saa. Shibe ni ya wastani: ukila saa saba mchana, saa moja jioni unatafuta chai na kitu.

*Mfuko.* Nafuu, hasa ukinunua mkungu mzima Kiwira au Tukuyu kwenyewe. Mkungu uleule ukifika Mwanjelwa umeshalipiwa gari, umeshapita mikono miwili, na bei inasema hivyo. Nyama ndiyo inayopandisha gharama. Za kuchoma na parachichi ni karibu bure.

*Safari.* Mkungu mbichi unasafiri vizuri ukifungwa na majani makavu ya mgomba. Kosa linalofanywa na wengi ni kuupakia pamoja na parachichi zinazoiva au ndizi mbivu. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayoharakisha mengine kuiva, nawe unafika Dar es Salaam na ndizi za kupika zilizogeuka njano.

*Zinamfaa nani.* Karibu kila mtu: mtoto, mzee asiye na meno, mgeni usiyejua mila zake. Zinamshinda anayetaka kitu cha kupasukapasuka mdomoni. Ndizi ni chakula laini, na asiyekulia nacho huweza kukiona kimepoa mno. Mpe za kuchoma kwanza.

Wali wa Kyela

*Hamu yenyewe.* Hapa hamu inaanzia puani. Mchele mzuri wa Kyela ukichemka, jirani wa nyumba ya tatu anajua. Hauhitaji nazi, hauhitaji iliki. Maji, chumvi na mafuta kidogo vinatosha, na kuongeza zaidi ni kuufunika. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto kali na tambarare yenye maji. Mpunga mwingi pale hutegemea mvua, unavunwa kuanzia Mei hivi. Kutoka baridi ya Isongole mpaka jasho la Kyela ni safari ya saa chache tu, na katika saa hizo unapita kwenye viazi, chai, ndizi, kakao na hatimaye mpunga. Sijui njia nyingine fupi hivi inayolisha watu kwa aina nyingi hivi.

Kitoweo ni jambo la pili. Kule Kyela na Matema ungeuomba na samaki wa ziwani. Mbasa ndiye anayeheshimika, ingawa siku hizi amepungua na hapatikani kila siku. Hapa mjini maharage ya nazi ni ya wageni wa pwani. Sisi tunaweka maharage ya kuungwa kwa kitunguu na nyanya, na mboga ya majani pembeni.

Sasa lisemwe la uchungu. Si kila gunia lililoandikwa Kyela limetoka Kyela. Mkoa wa Mbeya una mpunga mwingi mwingine, hasa wa Mbarali kwenye mabonde ya Usangu, nao ni mchele mzuri wa kula kila siku, lakini si huu. Niliwahi kununua kilo 20 kwenye duka moja mjini kwa sherehe ya kipaimara, nimehakikishiwa mpaka kwa kiapo, nikapika sufuria tatu na harufu haikuja. Wageni walikula na kushukuru. Mimi nililala nikiwa na huzuni. Tangu hapo nafanya hivi: nachukua mchele kiganjani, naupumulia pumzi ya moto kwa mikono iliyofumbwa, nanusa. Mchele wenye harufu utakujibu hapohapo. Halafu natafuna punje mbili. Na namuuliza muuzaji umekobolewa lini, kwa kuwa harufu ile hupungua mchele unavyokaa. Kyela halisi ya mwaka juzi inaweza kuzidiwa na mchele wa kawaida wa mwezi huu.

*Muda na shibe.* Dakika 30 hadi 40 kwa wali. Mchele mpya, wa Juni na Julai, hunywa maji kidogo. Ukimimina kipimo cha siku zote unapata bokoboko. Wa Desemba umeshakauka, ongeza maji kidogo, na kwa mwinuko wetu acha mfuniko na makaa juu kwa dakika kadhaa zaidi. Maharage ndiyo yenye kukuchelewesha: loweka usiku. Shibe ya wali huondoka mapema kuliko vyote hapa, isipokuwa umekula na maharage ya kutosha.

*Mfuko.* Ghali kuliko mchele mwingine, na kwa haki. Lakini kilo moja inalisha familia, kwa hiyo kwa kichwa si ghali kama inavyoonekana dukani.

*Safari.* Mchele mkavu hakuna kinachoushinda. Hauozi, hauvunjiki, haunuki vibaya kwenye basi. Kama unataka zawadi moja tu ya kumpelekea mama mkwe, maliza hapa.

*Unamfaa nani.* Mgeni wa heshima, mkusanyiko wa watu wa dini mbalimbali, na yeyote anayepika mbali na nyumbani. Mwenye kisukari apime kiasi, kwa sababu wali mweupe hupandisha sukari haraka. Sahani yake iwe maharage na mboga nyingi, wali kidogo.

Kitimoto

*Hamu yenyewe.* Nyanda za Juu Kusini zinafuga nguruwe wengi, na hakuna jioni ya Jumamosi Mbeya au Iringa isiyokuwa na moshi wake. Hamu ya kitimoto ni ya mafuta, chumvi, ndimu na pilipili kwa pamoja. Inapikwa kwa mafuta yake yenyewe kwenye karai mpaka kingo zinakuwa ngumu na katikati inabaki laini, inaletwa juu ya sinia na kachumbari na ndizi za kukaanga au ugali. Nadhani nusu ya utamu wake ni kula wengi kutoka sinia moja. Nimewahi kununua robo nikala peke yangu nyumbani. Ilikuwa nyama tu.

*Muda na shibe.* Unachagua kipande, kinapimwa, kinakatwa, ndipo kinaingia jikoni. Hesabu dakika 40 hadi saa nzima, na usimharakishe mpishi. Hili si suala la ladha peke yake. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kumwambukiza mtu minyoo ya tegu, na nyama yenye maambukizi huonyesha vilengelenge vyeupe kama punje za mchele. Kula mahali ambapo nyama ina muhuri wa mkaguzi, angalia kipande kabla hakijakatwa, na kikija kina wekundu ndani kirudishe bila aibu. Shibe yake ni nzito. Ukila saa moja usiku, asubuhi huna hamu ya kitu.

*Mfuko.* Ndiyo ghali kuliko vyote vitano. Hugawanywa kwa kuchangishana, na ndivyo ilivyokusudiwa.

*Safari.* Kula ilipopikwa. Pia homa ya nguruwe ikilipuka, mamlaka huzuia kusafirisha nguruwe na nyama yake; ugonjwa ule haumwambukizi binadamu, lakini unamaliza mazizi ya watu, na kipande ulichoficha kwenye begi kinaweza kuupeleka wilaya nyingine. Zuio likitangazwa, liheshimu hata kama hamu imekubana.

*Inamfaa nani.* Marafiki wanaojuana. Waislamu hawali, Wasabato hawali, na Mbeya ina wengi wa pande zote mbili. Usimpeleke mtu mahali pa kitimoto ukitegemea kwamba atapata soda na chipsi za pembeni. Karai huwa ni lilelile. Muulize kabla.

Zege, yaani chipsi mayai

*Hamu yenyewe.* Kuna watakaoshangaa nimeiweka, kwa kuwa zege liko kila kona ya nchi. Ni kweli. Lakini viazi mviringo vingi vya kona hizo vimetoka huku: Isongole na Uporoto, Makete, Njombe. Hapa unavikuta vimechimbwa juzi. Kiazi kilichokomaa vizuri kwenye baridi kina unga mwingi ndani na maji kidogo, kwa hiyo hakinyonyi mafuta sana na ncha zake zinakauka vizuri. Kilichochimbwa kichanga kinaloa. Na kilichokaa ghalani kwenye baridi kali ya Juni na Julai wanga wake hugeuka sukari, kinakuwa kahawia kabla hakijaiva. Muuzaji wako akikwambia "leo viazi si vizuri," mshukuru na urudi kesho.

Mayai yamwagwe chipsi zikiwa bado zinachemka, zigeuzwe mara moja, zisikauke katikati. Kachumbari ya nyanya za Ilula ikipatikana, usiombe kingine.

*Muda na shibe.* Dakika 10 hadi 15. Ndiyo haraka kuliko vyote, na shibe ni nzuri mpaka usiku wa manane.

*Mfuko.* Sahani moja ni ya bei ya mtu mmoja, huhitaji kuchangisha. Kwa mwanafunzi, ndilo jibu.

*Safari.* Zege haliendi popote. Baada ya nusu saa kwenye mfuko limekuwa uji wa mafuta. Viazi vibichi vinasafiri vizuri gizani na penye hewa. Vikiona jua huota kijani, na sehemu ya kijani haifai kuliwa. Ukinunua gunia, nunua kwa kilo. Lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, humwibia mkulima, hata kama wewe mnunuzi unaona umepata.

*Linamfaa nani.* Aliye peke yake, aliyechelewa, mtoto aliyechoka. Halimfai mwenye shinikizo la damu aliyekatazwa mafuta na chumvi, wala halifai kuwa chakula cha kila siku.

Makande

*Hamu yenyewe.* Haya niliyapenda Iringa nilipokuwa bweni, na najua wengi waliyachukia bweni hukohuko. Nawaomba muyape nafasi ya pili, mkiyala yaliyopikwa na mtu mwenye nia. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vinachemshwa pamoja mpaka punje zinapasuka, halafu vinaungwa kwa kitunguu kingi kilichokaangwa mpaka rangi. Utamu wake unakuja polepole, kila punje inatafunwa. Februari hadi Aprili, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, makande yake yana utamu wa maziwa na yanaiva upesi. Na asubuhi yake, kiporo cha makande kilichopashwa moto pamoja na chai ya Mufindi, nje kuna ukungu: kwa hilo ningerudi bweni.

*Muda na shibe.* Saa tatu hadi nne kwa mahindi makavu, na mwinuko unaongeza. Kuloweka usiku kucha si hiari. Shibe yake inawapita wote. Ukila mchana, usiku unakunywa chai tu.

*Mfuko.* Viungo ni rahisi kuliko vyote vingine. Nishati ndiyo gharama. Ukipikia gesi utalia. Tumia mkaa au kuni, na funika sufuria.

*Safari.* Beba mahindi yaliyokobolewa na maharage makavu. Dar es Salaam yataiva upesi kuliko hapa.

*Yanamfaa nani.* Familia kubwa, siku ya baridi, mtu wa kazi ngumu. Mwenye kisukari humfaa kuliko wali, kwa sababu ya maharage. Mwenye tumbo linalojaa gesi ale kidogo na amwage maji ya kulowekea.

Kulingana na hali yako

Umeshuka basi usiku, una njaa na kesho unaendelea na safari ya Tunduma: zege, karibu na stendi, ulione likikaangwa. Usimwamshe mtu apike.

Una Jumamosi jioni na marafiki watano mnaojuana imani zenu: kitimoto. Mmoja wenu akisitasita, badilisheni mahali wote, msimwache achague kati ya njaa na dini yake.

Unawakaribisha wakwe, au watu usiowajua vizuri: wali wa Kyela na ndizi za nyama pamoja. Vikikaa mezani vyote viwili hakuna atakayekosa la kula, na hakuna swali la kuuliza.

Ni Juni, kuna baridi ya kuuma vidole, mko nyumbani siku nzima: makande. Yaanze saa nne asubuhi, sufuria ipashe na sebule.

Umepungukiwa fedha na una watoto wengi: makande ukiwa na muda, ndizi na maharage usipokuwa nao.

Una siku nzima na gari, hapo ndipo unaweza kukata hamu tatu kwa safari moja, ila kwa mpangilio. Toka Uyole asubuhi ukiwa na begi tupu na usinunue chochote unapoteremka, hata ukiitwa kwa jina. Nenda moja kwa moja mpaka Kyela, kula wali mchana na samaki wa siku hiyo, nunua mchele mashineni ambako unaona ukikobolewa. Unaporudi, simama Tukuyu au Kiwira kwa mkungu na parachichi ambazo bado ni ngumu, kisha Isongole kwa viazi. Ukinunua ndizi wakati wa kuteremka, zitashinda kwenye joto la Kyela ndani ya gari na utazirudisha zimeanza kulegea.

Unarudi Dar es Salaam kesho na una nafasi ya mfuko mmoja: mchele. Una nafasi ya mifuko miwili: mchele, na mkungu uliofungwa majani.

Na ukiwa kama mdogo wangu, mwenye usiku mmoja wa kufika na siku mbili za kukaa: nimeacha kumpangia kabla hajapiga. Akiwa Igawa sasa ninamuuliza mimi kwanza, "Umekula nini njiani?" Akisema hajala tangu Iringa, namtuma binti yangu kwa mama wa zege pale kona, na makande nayaloweka kwa ajili ya kesho. Akisema amekula, napaka mafuta mikono, natoa kisu na kuanza kumenya ndizi, makaa yawe mekundu atakapogonga mlango.